Kesi ya Chande Aliyepona Kabisa

Ipo nchi iitwayo Tulizana. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wenyewe walikwishaomba iondolewe, kwa kuwa wachora ramani waliichora ndogo kuliko hadhi yake. Ni nchi yenye bahati. Katiba yake inasema matibabu ni bure, na kweli serikali haijawahi kumtoza mtu hata senti moja ya matibabu. Inatoza benchi la kungojea, mlango wa kuingilia, kalamu ya daktari na taa ya wodini. Aliyetibiwa gizani hurudishiwa pesa ya taa, akileta shahidi aliyeona kwamba kulikuwa na giza.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja jina lake Mashavu, mshona mito ya sufi, pamoja na mumewe Chande Mlawa, mpiga ngoma kubwa wa Bendi ya Ikulu. Chande alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka hadi machozi kwa mambo ambayo wengine hawakuona kichekesho chake. Hawakujaliwa mtoto, na walikwishazoea kusemezana wao kwa wao nyumba nzima ikajaa.

Siku moja, Rais akikagua gwaride, Chande alishikwa na tumbo. Kuugua mbele ya Rais kunahitaji kibali cha maandishi, na Chande hakuwa nacho. Akapiga ngoma yake wimbo wa taifa beti zote, jasho likimtiririka, na Rais alipokwisha kuingia garini ndipo akaanguka. Kapteni wa bendi alimsifu sana kwa kuanguka kwa wakati.

Akapelekwa Hospitali Kuu ya Rehema.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mwaka uliotangulia, Waziri wa Afya na Matumaini, Mheshimiwa Mafungulo, alihudhuria mkutano wa mataifa. Kila waziri alisimama kueleza amepunguza vifo kwa kiasi gani. Zamu ya Mafungulo ilipofika, njaa ilikuwa inamuuma na hotuba yake ilikuwa imebaki hotelini. Akasema, "Sisi kwetu hakuna anayekufa hospitalini," akaketi. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, akapewa kikombe cha kioo. Aliporudi nyumbani, wasaidizi wake walitambua kwamba waziri hawezi kuwa amesema uongo, kwa hiyo hospitali ndizo zilizopaswa kujirekebisha.

Zikajirekebisha. Tangu hapo mgonjwa wa Tulizana alikuwa na hali tatu tu: anaendelea vizuri, amepona, na amepona kabisa. Mochwari ilipakwa rangi ya maziwa ikaitwa Wodi ya Mapumziko.

Mashavu alikuwa anapeleka uji kila asubuhi. Siku moja alikuta kitanda cha Chande kimetandikwa upya. Nesi mmoja mtu mzima, Sista Debora, alimsogelea akasimama wima kama mtoto anayeimba shuleni.

"Mama, Hospitali Kuu ya Rehema ina furaha kukuarifu kwamba mumeo, tangu alfajiri ya leo, amepona kabisa."

Mashavu akakaa sakafuni palepale, kikapu cha uji mapajani. Sista Debora akaangaza korido huku na huku, akachutama kando yake, akamshika bega.

"Pole, mdogo wangu," alinong'ona. "Pole sana. Lakini hilo sijalisema mimi."

*

Kwa mhasibu wa hospitali kulikuwa na feni mbili, zote zikimpepea mhasibu.

"Nimekuja kumchukua mume wangu nikamzike," Mashavu alisema.

"Umzike nani, mama?"

"Chande Mlawa. Yuko kule kwenye chumba cha baridi."

Mhasibu alikunja uso kama aliyesikia tusi. "Hapa hatuna wa kuzikwa. Tuna wanaoendelea vizuri, waliopona, na waliopona kabisa. Mumeo amepona kabisa, hongera. Kinachomzuia kutoka ni deni."

Akamsomea. Benchi, mlango, kalamu, taa. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kupona, kwa sababu, mhasibu alieleza kwa upole, kupona kidogo na kupona kabisa haviwezi kuwa bei moja. Tena kila siku aliyokaa Wodi ya Mapumziko ilikuwa inaongeza, maana wodi ile ina kiyoyozi, na hakuna wodi nyingine yenye kiyoyozi.

"Mimi nashona mito, baba," Mashavu alisema. "Hata nikiuza na nyumba, hazifiki."

"Basi aendelee kupumzika."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Shemeji yake, Kombo, mdogo wa Chande, alikuwa amekwishatandika mikeka na kuazima masufuria. Kombo alikuwa fundi cherehani mwenye moyo mwema na mdomo usiofungika. Alichokijua yeye asubuhi, mtaa ulikuwa umekijua kabla ya adhuhuri. Wanawake walikuja na kanga mabegani, wakaanza kulia. Hawajalia sana mara Afisa Mtendaji wa Kata akatokea mlangoni.

"Huu ni msiba?" aliuliza. "Maana nimepokea taarifa kwamba Bwana Chande amepona kabisa. Kumlilia aliyepona ni kuikashifu hospitali, na kuikashifu hospitali ni kumkashifu Waziri. Sitaki kufika mbali zaidi ya hapo, kwa sababu juu ya Waziri mnamjua aliyeko."

Watu wakatazamana. Bibi mmoja, shangazi yake Chande, akajifuta kamasi na ncha ya kanga.

"Si msiba, mwanangu. Ni sherehe. Tunalia kwa furaha."

Afisa Mtendaji alifurahi, akapakuliwa wali. Na shughuli ikaendelea hivyohivyo, wanawake wakiomboleza, "Chande wee, umetuponea! Chande, umepona na kutuacha!" huku Afisa akiitikia kwa kichwa na kuomba aongezewe nyama. Alipoulizwa habari ya eda, alisema mke hawezi kumkalia eda mume mzima. Kesho yake Mashavu alitakiwa afungue duka lake kama kawaida, na akalifungua. Alishona mito siku nzima bila kujua ameshona mingapi. Usingizi hakuupata. Kilichomuumiza zaidi hata ya kifo chenyewe ni kule kumjua yuko wapi, kwenye ubao wa baridi, hajaoshwa, hajasomewa, na yeye hana ruhusa ya kumfikia.

*

Kisha hati ya mahakama ikaja. Iliandikwa: Hospitali Kuu ya Rehema dhidi ya Chande Mlawa na mwenzake. Mwenzake alikuwa ni Mashavu. Hospitali ilikuwa inadai deni lote, na gharama za kudai, na gharama za kuchelewa kudai.

Kombo aliisoma akaikunja upesi. "Shemeji, tukimbie. Nina rafiki mpakani."

"Na Chande tumwachie nani?"

Mashavu akavaa baibui lake, akaenda mahakamani.

Karani wa mahakama, Bwana Mwinjuma, alikuwa mtu mkavu mwenye mhuri wa zambarau aliokuwa anaushika kama mtu anavyoshika rungu. Alimweleza kwamba mdaiwa lazima ajibu kwa maandishi, na majibu ni ya aina mbili, kukanusha au kukubali.

"Nataka kukanusha," Mashavu alisema. "Mume wangu hakupona. Alikufa."

Karani alipiga chafya kwa nguvu ili neno lile lisisikike mpaka mlangoni. "Mama, kukanusha kuna ada." Akaitaja. Ilikuwa kubwa kuliko deni lenyewe.

"Na kukubali?"

"Kukubali ni bure. Serikali inapenda wananchi wanaokubali."

Uchovu wa siku zote zile ulimpanda Mashavu kutoka miguuni, na nyuma ya uchovu ikaja hasira, tena hasira tulivu kabisa, kama maji yaliyokoma kuchemka kwa sababu yamekauka.

"Basi andika," alisema. "Nakubali. Nakubali yote. Mume wangu amepona kabisa, kama hospitali inavyosema. Na kwa kuwa amepona, na aliyetibiwa ni yeye, mimi sikupewa hata kidonge, naomba mahakama imtoe huko wodini aje alipe deni lake mwenyewe."

Karani aliinua macho, akamtazama kwa muda. Kisha akaandika neno kwa neno, akagonga mhuri.

*

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Hospitali iliwakilishwa na Wakili Msomi Tindwa, mtu ambaye hajawahi kusema kwa neno moja jambo lililoweza kusemwa kwa tisa.

"Mheshimiwa Hakimu," alianza, "nasimama, na ninaposimama, sisimami kama mtu aliyesimama, bali nasimama kama taasisi. Mdaiwa namba moja aliingia hospitalini akiwa na maumivu. Leo hana maumivu. Je, maumivu hayo yamekwenda wapi? Yameondolewa! Na nani? Na mteja wangu!"

Hakimu, mzee aliyekuwa anapenda kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana, alimwita Mganga Mkuu athibitishe.

"Daktari, mdaiwa namba moja amepona?"

Mganga Mkuu alimtazama Mwakilishi wa Wizara, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na daftari. "Amepona kabisa, Mheshimiwa. Hana homa. Kwa kweli joto lake liko chini kuliko la mtu yeyote hospitalini. Hakohoi, hatapiki, na tangu aingie Wodi ya Mapumziko hajalalamika hata mara moja, si kuhusu chakula, si kuhusu wauguzi."

"Anaweza kufanya kazi?"

Mwakilishi wa Wizara akafungua kalamu yake. "Hakuna ugonjwa unaomzuia, Mheshimiwa," Mganga Mkuu alijibu.

Hakimu akamgeukia Mashavu. "Mama, una la kusema?"

Mashavu alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno, lakini yote yalimtoka. "Sina, Mheshimiwa. Hao ni wasomi, na wamesema amepona. Mimi mke nifurahi tu. Ila huko kwetu mtu akipona, anarudi nyumbani. Naomba na wangu arudi."

Wakili Msomi alifungua mdomo, akaona kwamba kupinga maneno yale ni kusema Chande hajapona, na kusema hajapona ni kumkosoa Mganga Mkuu, na kumkosoa Mganga Mkuu ni kumkosoa Waziri. Akafunga mdomo. Inasemekana ndiyo siku pekee aliyofanya hivyo.

Hakimu aliangalia saa yake akatoa hukumu. Mdaiwa namba moja, kwa kuwa ni mzima, aruhusiwe kwenda nyumbani leo hii. Arejee kwenye ajira yake Bendi ya Ikulu. Deni likatwe kidogo kidogo kwenye mshahara wake hadi liishe. Mdaiwa namba mbili hana kosa.

Jioni hiyo hiyo wanaume wanne wa mtaani, Kombo akiwa wa kwanza, walimtoa Chande mlango wa nyuma wa hospitali. Kwenye kitabu cha wanaotoka pameandikwa kwamba aliondoka akisaidiwa kutembea.

Wakamwosha, wakamkafini. Mashavu aliingia kumuaga. Alikaa naye kitambo, akamsimulia kesi yote kwa sauti ya chini, Wakili Msomi na joto lililo chini kuliko la mtu yeyote, kwa kuwa alijua hilo lingemchekesha Chande hadi machozi. Akacheka yeye badala yake, kisha akalia.

Jeneza lilipotoka nje, Afisa Mtendaji alikuwa amekwishafika.

"Jamani! Mnamzika mtu mzima?"

"Hatumziki," alisema Mashavu kutoka mlangoni. "Daktari kasema apumzike. Anapelekwa kupumzika."

Afisa alifikiri. Kuzika kulihitaji kibali. Kupumzika, alivyopitia sheria zote kichwani, hakukuhitaji. Akavua kofia akaungana na msafara, na wanasema alishika jeneza hadi makaburini. Usiku huo Mashavu alilala.

*

Mambo yangeweza kuishia hapo, na kwa miezi kadhaa yaliishia. Mshahara wa Chande uliingia kila mwezi na kwenda moja kwa moja hospitalini. Kapteni wa bendi aliandika kwenye tathmini kwamba Bwana Chande hajachelewa, hajagombana na mtu, wala hajaomba likizo. Makao makuu wakampandisha cheo.

Sikukuu ya Afya ilipokaribia, Wizara ilikuwa inatafuta mwananchi wa mfano. Wakapekua makaratasi yao wakakuta mtu mmoja amepona kabisa, analipa deni bila kukosa, na anafanya kazi bila malalamiko. Hakuwapo mwingine kama yeye Tulizana nzima. Chande akapewa Nishani ya Siha Njema, na kwa kuwa alikuwa kazini, mkewe akaitwa kuipokea.

Mashavu hakutaka ugomvi. Alipewa maneno ya kusema na Mwakilishi wa Wizara, akayakariri njiani: mume wangu amepona kabisa na anawasalimu. Uwanja ulifurika. Waziri Mafungulo alimvisha nishani, akampisha kwenye kipaza sauti, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja.

"Mume wangu," Mashavu alianza, "marehemu Chande..."

Hakukusudia. Ulimi wake ulisema tu vile ulivyozoea kusema nyumbani. Alishika mdomo, lakini neno lilikwishatoka kwenye vipaza sauti vyote, likagonga ukuta wa jukwaa kuu, likarudi: marehemu Chande.

Kisha mahali fulani katikati ya umati mwanamume mmoja akavua kofia yake.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Amina," akajibu wa pembeni yake. Amina nyingine ikatoka upande wa pili, na nyingine, hadi uwanja mzima ukawa unaunguruma. Waziri, aliyekuwa anazungumza na jirani yake, alisikia amina tu. Akainuka, akawapungia mkono.

*

Baada ya siku chache Karani Mwinjuma alimletea Mashavu hati mpya. Hakuitupa mlangoni kama ilivyo desturi. Alimkabidhi mkononi, akasimama kidogo kama mwenye neno, kisha akaondoka.

Kombo aliisoma kwa sauti, akipauka kadiri alivyoendelea. Mashavu alikuwa anashitakiwa kwa kumuua mumewe hadharani kwa kutumia kipaza sauti. Hoja ya Serikali ilikuwa nyepesi: hadi saa nne ya siku hiyo Chande alikuwa mzima, mwenye kazi, cheo na nishani; baada ya kauli ya mshitakiwa imekuwa vigumu kuendelea kumlipa.

"'...na kwa kitendo hicho,'" Kombo alisoma, "'alisababisha kifo cha marehemu Chande Mlawa, mpiga ngoma...' Shemeji, wewe watakufunga! Nilikwambia twende mpakani!"

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Walipomtaja."

"'Marehemu Chande Mlawa.'"

"Imeandikwa hivyo? Na wao wenyewe?"

"Imeandikwa."

"Mhuri upo?"

"Upo, wa zambarau. Mkubwa."

Mashavu aliichukua ile karatasi akaipakata. Hakuna aliyekuwa amekubali hadi siku hiyo, si hospitali, si kata, si mahakama. Mtu aliyeishi naye miaka yote ile akafa, na nchi nzima ikakataa kwamba amefiwa. Sasa walikuwa wameandika wenyewe, kwa mkono wao, ili wapate kumfunga.

"Waambie jirani wazime redio," alisema. "Mimi leo naanza eda yangu. Mahakamani nitakwenda wakiniita, nirudi."

Kombo, kama ilivyo kawaida yake, hakuweza kukaa na jambo lile peke yake. Alianzia kwa muuza maji, akaenda kwa kinyozi, akamalizia msikitini.

Asubuhi Mashavu alipoitwa mahakamani alidhani amekosea siku. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imezunguka jengo, imeshuka hadi sokoni. Walikuwamo wazee, wanawake wenye watoto migongoni, askari wawili wakiwa na sare zao, na Sista Debora wa hospitali akiwa amevaa nguo nyeusi. Walipomwona wakampisha apite mbele, lakini alisema atangoja zamu yake.

Hakimu alichungulia dirishani. "Hao ni nani?"

"Wauaji, Mheshimiwa," alijibu askari wa zamu. "Wamekuja kukiri."

"Wote?"

"Na wengine wako njiani."

Hakimu alitazama ile foleni, akaitazama saa. "Wapangeni vizuri, wasikanyagane," alisema, akaenda kunywa chai.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo. Karani Mwinjuma alichovya kalamu.

"Umemuua nani?"

"Mke wangu. Bi Riziki. Alipona kabisa mwaka juzi, wakati wa mvua."

"Ulimuua kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo. Nimesema marehemu. Sema na wewe, uandike."

"Marehemu Riziki," alisema Karani, na akaandika, akagonga mhuri. Mzee aliipokea karatasi ya mashitaka yake kwa mikono miwili, akashukuru.

Akaja mwingine, aliyemuua baba yake. Akaja dada aliyewaua watoto wake pacha, wote wawili hawakufikisha wiki. Karani aliuliza, akatamka, akaandika, akagonga. Kisha akaweka kalamu chini. Watu walidhani wino umekwisha. Aliutazama mlango wa Hakimu, akautazama mstari wa watu, akavuta karatasi safi akaiweka mbele yake.

"Marehemu Mwanamkuu Mwinjuma," alisema polepole. "Mama yangu."

Akaandika. Akatia sahihi mahali pa mshitakiwa na mahali pa karani. Akagonga mhuri, akaupuliza wino mpaka ukakauka, kisha akamwita anayefuata.